Sinza ipi, na kodi ya miezi mingapi?

Ndugu Mhariri,

Kila baada ya miezi kadhaa magazeti yetu hutoa jedwali la kodi za nyumba Dar es Salaam: Sinza kiasi hiki, Tabata kiasi kile, Mbagala chini kabisa, Masaki juu kabisa, na pembeni mshale wa kuonyesha bei imepanda. Mtu anayetafuta chumba na sebule hulipiga picha jedwali hilo akamtumia dalali. Dalali hujibu kwa maneno mawili: "Sinza ipi?"

Dalali yuko sahihi kuliko jedwali. Mori, Kijiweni, Makaburini, Palestina na Afrika Sana, zote za Sinza, hazina kodi moja kwa nyumba za ukubwa uleule, na hata ndani ya Palestina yenyewe nyumba inayotazama lami haikai bei moja na iliyo nyumba nne nyuma yake, ambako gari likiingia halina pa kugeuzia. Tabata ndiyo usiseme. Bima, Relini, Kimanga hadi Segerea, zote kwenye tangazo huitwa "Tabata", ilhali asubuhi ya foleni wa Relini ameshafika Buguruni na wa Segerea bado hajaimaliza barabara ya Tabata.

Sisi tunaoandika ni wathamini na wasimamizi wa nyumba za kupangisha. Hatutaki jedwali lifutwe. Tunaomba likusanywe kwa utaratibu unaoeleweka, maana watu hulitumia kweli: mwenye nyumba hulifanya kibali cha kupandisha kodi, na mpangaji huhama mbali akidhani anakimbilia nafuu.

Tuanze na zinakotoka namba. Nyingi huokotwa kwenye matangazo ya mtandaoni. Nyumba moja hutangazwa na madalali watano, kila mmoja akiwa na cha juu chake, na asiyejua huhesabu nyumba tano za bei tano. Kuzitambua si kazi kubwa ukijua pa kutazama. Sebule huwa inapigwa picha kwa pembe tofauti hadi haifanani, lakini jiko dogo lina sehemu moja tu ya kusimama, kwa hiyo angalia tailizi za ukutani juu ya sinki na nondo za dirisha la jikoni. Zikifanana, ni nyumba ileile.

Kuna jingine. Nyumba ya bei ya haki hukaa kwenye simu ya dalali siku mbili ikachukuliwa. Iliyozidishwa bei hubaki, ikatangazwa tena na tena kwa maneno yaleyale ya "wahi, inatoka leo". Anayekusanya matangazo mwisho wa mwezi anaokota zilizododa. Isitoshe, bei ya tangazo si bei ya mezani: anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo hupunguziwa, anayeomba alipe miezi mitatu mitatu huongezewa. Mwandishi akiandika bei bila kuandika miezi, ameandika nusu ya bei.

Halafu wastani. Chukua nyumba tisa za mtaa mmoja ambazo kodi zake, kwa maelfu, ni 150, 150, 180, 180, 200, 220, 250, 300 na 1,800. Hiyo ya mwisho ni jumba lililopangishwa na kampuni. Ukijumlisha na kugawa kwa tisa unapata 381,000, kodi ambayo hakuna hata mmoja mtaani anayeilipa, na nane kati ya tisa wako chini yake. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa uchukue ya katikati, ya tano: 200,000. Hiyo ndiyo inayomfaa msomaji. Mikocheni, Mbezi Beach na Kawe, ambako jumba lenye bustani limepakana na vyumba vya uani, wastani wa kugawa haufai kabisa.

Mshale wa kupanda nao una mtego wake. Goba, Madale na Kinyerezi zimejengwa sana tangu barabara za Goba hadi Makongo na Mbezi Mwisho hadi Kinyerezi ziwekewe lami. Kila mwaka zinaingia apatimenti mpya zenye dari la jipsamu, kiyoyozi, pevingi na geti la umeme. Ukichukua matangazo ya mwaka jana na ya mwaka huu utaona kodi ya Kinyerezi imeruka, kumbe nyumba za zamani ziko palepale na kilichoongezeka ni aina ya nyumba. Dawa yake ni kufuata nyumba zilezile. Andika nyumba 20 za mtaa mmoja, urudi baada ya miezi 12 kwa hizo hizo 20, uulize aliyemo analipa nini. Aliyemo, si anayetafuta, kwa sababu mpangaji mpya na mpangaji wa miaka minne wa nyumba ileile mara nyingi hawalipi sawa. Mwenye nyumba huogopa kumpandishia mtu anayelipa vizuri, akingoja ahame.

Sasa mzigo halisi. Tuseme kodi ni 250,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita. Mpangaji anatoa 1,500,000, na mwezi mmoja wa dalali 250,000. Jumla 1,750,000 siku ya kwanza, bado gari la kuhamisha vyombo na hela za kuonyeshwa nyumba alizozitoa kila alikopelekwa. Akihama baada ya miezi sita, mwezi wa dalali umemwongezea karibu 41,700 kila mwezi, yaani nyumba aliyoambiwa ni ya laki mbili na nusu ameikalia kwa zaidi ya 291,000. Akikaa miaka miwili, nyongeza hiyo inashuka hadi karibu 10,400. Ndiyo maana mtu wa kuhamahama huona Dar ni ghali kuliko jirani yake wa ukuta mmoja. Hakuna chombo kinachopanga kodi hizi wala idadi ya miezi: sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, na tangu hapo ni makubaliano ya watu wawili na dalali katikati.

Umeme ndio jambo ambalo majedwali hayaligusi kabisa, na lina hesabu ya kushangaza. Aliye kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti, karibu 122 ukiweka kodi na tozo. Aliye kwenye kundi la kawaida hulipa karibu 356. Nyumba ya vyumba sita inayochangia LUKU moja, yaani mita moja ya kulipia umeme kabla, haiwezi kukaa chini ya uniti 75, hivyo wote sita wanaingia kwenye bei ya juu hata kama kila mmoja ana taa mbili, redio na feni. Mtu wa uniti 60 mwenye LUKU yake angelipa kama 7,300. Kwenye kuchangia analipa kama 21,400. Elfu kumi na nne kila mwezi zimepotea kwa mita tu. Panapokuwa na submita za mwenye nyumba, uliza anauza uniti kwa ngapi kabla hujatoa hela. Akikutajia 500, uniti zako 60 ni 30,000. Chumba chenye LUKU yake kinachotajwa 90,000 kinaweza kuwa nafuu kuliko cha submita kama hiyo cha 75,000.

LUKU hiyohiyo hukata kodi ya jengo: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, kwa ghorofa ni zaidi. Hilo ni deni la mwenye nyumba, na mpangaji anayelilipa kwa tokeni amwombe ampunguzie kwenye kodi ya pango, jambo liandikwe kwenye mkataba. Nyumba ikiwa imekaa tupu miezi mitano, tokeni ya kwanza ya mpangaji mpya hukatwa malimbikizo ya miezi yote mitano, 7,500. Kabla ya kusaini, nunua umeme wa shilingi elfu chache kwa namba ya mita ile, uone zinarudi uniti ngapi. Zikirudi pungufu au zisirudi kabisa, pana deni, na sasa ndio wakati wa kulisema.

Maji ni hadithi ya mtaa kwa mtaa. Neno "maji yapo" kwenye tangazo linaweza kuwa bomba la DAWASA linalotoka kila siku, bomba linalotoka usiku wa manane mara mbili kwa wiki, kisima cha maji ya chumvi, au simtanki inayojazwa na boza. Uniti moja ya bomba ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Ukinunua dumu kwa 200 umelipa 10,000 kwa maji ambayo bombani ni uniti moja tu. Familia inayotumia madumu manane kwa siku inatoa 48,000 kwa mwezi. Maji ya kisima cha chumvi hayanunuliwi, ila fungua bomba la bafuni utazame chini ya koki: utando mweupe mgumu kama chokaa unamaanisha hita ya maji na mashine ya kufulia havitadumu, na maji ya kunywa na kupikia utanunua vilevile.

Usafiri ndio unaogeuza jedwali juu chini. Nauli ya daladala ya njia fupi, isiyozidi kilomita 10, ni 600 tangu Desemba 2023. Linganisha chumba na sebule Sinza kwa 250,000 na cha Goba kwa 180,000, kwa mtu anayefanya kazi Mwenge siku 26 kwa mwezi. Wa Sinza anapanda gari moja: 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi, jumla 281,200. Wa Goba, tuseme nyumba yake iko ndani, anatoa buku ya bodaboda asubuhi na buku jioni, na daladala mbili kila upande: 4,400 kwa siku, 114,400 kwa mwezi, jumla 294,400. Nyumba ya bei ndogo imekuwa ghali, na muda wa foleni hatujauhesabu. Wakiwa mume na mke, wote wafanyakazi, Sinza inafika 312,400 na Goba 408,800. Kwa anayefanya kazi palepale Goba, au mwenye gari na mafuta ya ofisi, hesabu inapinduka. Kwa hiyo hakuna mtaa wa bei nafuu bila kusema nafuu kwa nani anayekwenda wapi.

Ndiyo maana kinachosogeza kodi katika jiji hili ni njia ya kufika. Mabasi ya mwendokasi ya Kimara yalipoanza Mei 2016, nyumba za kutembea kwa miguu kutoka vituo vya Kimara, Korogwe na Baruti zilitangazwa kwa neno moja, "mwendokasi", na hilo neno likawa na bei yake. Umbali huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani: dakika kumi za miguu. Baada ya hapo unaingia kwenye bajaji, na Bonyokwa ya ndani haikupata kile ilichopata Kimara ya barabarani. Daraja la Nyerere la Kurasini, la mwaka huohuo, lilifanya Kigamboni iache kutegemea pantoni peke yake. Kibada na Mjimwema zikaanza kuwindwa na watu wa mjini waliokuwa hawataki kusikia habari za kuvuka. Barabara ya Kilwa nayo ilisubiri mwendokasi wake kwa miaka ya vumbi na michepuko, na wenye nyumba wa Mbagala na Mtoni walianza kupandisha kabla basi la kwanza halijapita. Hiyo ni tabia ya soko: kodi hupanda kwa tetesi na michoro ya kandarasi, haishuki mradi ukichelewa. Jedwali linalotaka kufundisha kitu liandike umbali kutoka kituo kwa dakika za miguu, si jina la kata.

Vyuo vina soko lao ambalo lisichanganywe na mengine. Changanyikeni, Msewe, Survey na Makongo wanahesabu kitanda, si chumba, na wanahesabu muhula, si mwezi. Chumba chenye vitanda vinne kinaweza kumpa mwenye nyumba zaidi ya nyumba nzima ya familia, hivyo familia inasukumwa nje. Kariakoo vivyo hivyo, ila huko anayewasukuma wakazi ni bidhaa: ghorofa za makazi zinageuzwa stoo, na kodi ya stoo haina uhusiano na uwezo wa mtu anayetafuta pa kulala. Masaki, Mikocheni na sasa hata Kijitonyama zipo apatimenti zinazopangishwa kwa siku. Bei ya siku mara 30 si kodi ya mwezi, tafadhali.

Kuhusu dola. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zimekataza kutaja na kulipisha bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na mikataba iliyokuwepo ikapewa mwaka mmoja irekebishwe. Kwenye matangazo ya Masaki, Oysterbay na Msasani alama ya dola imepungua, lakini fikra ya dola ipo: mwenye nyumba anabadilisha kichwani kwa kiwango anachokitaka yeye, kisha anaandika shilingi. Mwaka 2024 shilingi ilishuka hadi dola moja ikapita 2,700, kisha kabla ya mwaka kwisha ikapanda ikawa chini ya 2,500. Kodi zilizoongezwa kwa sababu ya dola kupanda hazikurudi dola iliposhuka. Mpangaji wa huko aulize kiasi cha shilingi kimetokana na kiwango gani, na mkataba utaje shilingi peke yake bila kifungu cha "sawa na dola kadhaa". Na kampuni inayompangishia mfanyakazi wake isisahau kodi ya zuio ya asilimia 10, inayokatwa kwenye pango na kupelekwa TRA. Mwenye nyumba anayetaka milioni kamili mkononi hutaja kama 1,111,000, na namba hiyo ikiingia kwenye jedwali inaonekana kama kodi imepanda kwa asilimia 11.

Mwisho ni majira. Bei ya Februari na bei ya Mei si kitu kimoja kwa nyumba za mabondeni. Jiji lina majina yanayosema yenyewe, kama Bonde la Mpunga pale Msasani, na yapo mabonde yasiyo na jina la kuonya, Jangwani, Tegeta, Basihaya, Mikocheni, kando ya mto Msimbazi na mto Ng'ombe. Wakati wa kiangazi nyumba ya bondeni hupakwa rangi na kutangazwa kwa bei ya mtaa mzima. Ukiingia usitazame dari. Tazama chini: rangi mpya iliyoishia kiunoni, fremu ya mlango iliyovimba na kupasuka kwenye sentimeta 20 za mwanzo, soketi zilizopandishwa hadi usawa wa kifua, kizingiti cha saruji kilichoongezwa mlangoni hadi unainua mguu kuingia. Nje, funua mfuniko wa chemba ya maji taka. Ikiwa imejaa hadi juu wakati hakuna mvua, wakati wa masika maji hayo yatarudi ndani kupitia choo. Muulize muuza genge wa jirani maji yalifika wapi mara ya mwisho. Huyo hana kamisheni.

Basi, Mhariri, mwandishi wenu akienda mtaani kwa ajili ya jedwali lijalo, kwa kila nyumba tunamwomba arudi na haya: vyumba vingapi na choo cha ndani au cha pamoja, dakika za miguu hadi kituo, LUKU yake au ya kuchangia, maji ya wapi, miezi inayodaiwa mbele, kodi iliyotajwa na kodi iliyolipwa, na tarehe. Achapishe kodi ya katikati, pamoja na idadi ya nyumba alizozipata, ili mtaa uliopimwa kwa nyumba tatu usilinganishwe na wa nyumba 40. Nafasi ikiwa finyu, ipeni Masaki mstari mmoja, mkaongeze Buza, Majohe na Chanika, ambako jedwali halifiki na chumba kimoja cha kuchangia choo ndicho watu wengi wanachopanga.

Wathamini na wasimamizi wa nyumba za kupangisha,
Kijitonyama, Dar es Salaam